Mialoni, majabali na taifa lisilokuwepo: michoro ya mandhari ya Kijerumani, 1800–1830

mwl_sanaa

Wakuu, habari za humu.

Naandaa vipindi vya historia ya sanaa kwa wanafunzi wa chuo, na zamu hii ni mandhari ya zama za ulimbwende (yaani "Romanticism") Ujerumani. Maandishi mengi yanasema Caspar David Friedrich na wenzake "walichora taifa", kisha mwandishi anahamia jambo jingine bila kueleza. Mti ni mti na jabali ni jabali. Ni kwa njia gani hasa mchoro wa penseli wa mwaloni mmoja unageuka kuwa kauli ya utaifa? Nahitaji mifano ambayo mwanafunzi anaweza kuitazama na kuonyesha kwa kidole.

Pia nataka wajaribu kwa mikono yao ile namna ya wino wa kahawia, sepia, iliyompa Friedrich jina kabla hajaanza kuchora kwa rangi za mafuta. Naomba vifaa, hatua, na mahali ambapo kazi huharibika.

---

kalamu_risasi

Mwalimu, anza na ramani kabla ya picha. Agosti 1806 Dola Takatifu ya Kirumi, yaani muungano wa nchi nyingi za Kijerumani, ilivunjwa, na tarehe 14 Oktoba mwaka huohuo Napoleon akaishinda Prussia huko Jena na Auerstedt. Hapakuwa na nchi moja iitwayo Ujerumani ambayo mtu angeweza kwenda kuichora. Friedrich mwenyewe alizaliwa Greifswald mwaka 1774 akiwa chini ya mfalme wa Sweden, akasomea Copenhagen kuanzia 1794, kisha 1798 akahamia Dresden, mji mkuu wa Saxony, ambayo ilisimama upande wa Napoleon mpaka 1813. Greifswald iliingia Prussia mwaka 1815. Wanafunzi wakilielewa hilo, nusu ya swali lako la kwanza imejibiwa: wachoraji hawa walikuwa wanaitafutia sura nchi ambayo haikuwa na mipaka.

Ukifungua michoro yake ya daftarini, utaifa huuoni. Unaona mwaloni mmoja kwa mstari mwembamba, tarehe ya siku, basi. Hakuna anga wala watu. Mahali pengine ameweka alama ya usawa wa macho yake, ili akija kukitumia kile kitu miaka kumi baadaye ajue alikitazama kutoka urefu gani, na mara nyingine nambari ndogo zinazoonyesha sehemu ipi ina mwanga zaidi. Ni kazi kavu, ya mtu anayekusanya ushahidi.

Utaifa unaingia anapounganisha. Mialoni aliyoichora masika ya 1809 inarudi katika picha zaidi ya moja, mashuhuri kati yake ikiwa ile ya magofu ya abasia katika msitu wa mialoni (1809–10), ambayo mfalme wa Prussia aliinunua pamoja na ile ya mtawa kando ya bahari. Magofu ni ya Eldena, karibu na Greifswald, lakini hayajazungukwa na msitu wa namna ile. Picha ya mtu aliyesimama juu ya bahari ya ukungu, ya mnamo 1818, imejengwa kwa majabali ya milima ya mchanga ya Elbe. Jabali analolikanyaga limetokana na mchoro wa Juni 1813, wakati Dresden imejaa majeshi naye amejitenga kijijini Krippen. Kila jabali ni la kweli na lina mahali pake, ila hakuna sehemu unayoweza kusimama ukaviona vyote pamoja.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Watzmann, 1824–25, uliopo Berlin. Mlima huo uko Bavaria na una mita 2,713. Friedrich hakuwahi kufika kwenye Alpi. Kilele alikitoa katika mchoro wa mwanafunzi wake August Heinrich, na jabali la mbele katika mchoro wake mwenyewe wa milima ya Harz, kaskazini kabisa, wa mwaka 1811. Kaskazini na kusini mwa nchi zinazosema Kijerumani zimewekwa ndani ya fremu moja miaka 46 kabla ya dola moja kutangazwa. Ningetumia picha hii moja kwa kipindi kizima.

Juu ya hapo kuna alama ambazo mtu wa wakati ule alizisoma bila kufundishwa:

- Makaburi ya mashujaa wa kale (1812, Hamburg): kaburi mojawapo lina jina la Arminius, aliyewashinda Warumi mwaka 9 baada ya Kristo. Mbele ya pango wamesimama askari wawili wa Kifaransa, wadogo mno.
- Askari wa Kifaransa msituni (1813–14): yuko peke yake, ameipa mgongo hadhira, anaingia kwenye misonobari mirefu yenye theluji, na kunguru amekaa kwenye kisiki.
- Wanaume wawili wakitazama mwezi (1819–20, Dresden): wamevaa koti refu na kofia pana, yale mavazi ya "Kijerumani cha kale" yaliyoshabikiwa na wanafunzi wazalendo. Mwaka 1819 Maazimio ya Karlsbad, maagizo ya serikali za Kijerumani, yalianza kuwabana watu hao. Mgeni aliyemtembelea Friedrich mwaka 1820 aliandika kwamba mchoraji alisema wale wawili wanapanga njama za kisiasa.
- Kaburi la Hutten (1823–24, Weimar): majina ya wazalendo wa vita vya 1813 dhidi ya Napoleon, wakiwemo Arndt na Jahn, yamechongwa kwenye jiwe. Wakati huo watu hao walishaanza kuandamwa na serikali zilezile walizozipigania.

Kwa hiyo wafundishe kutenganisha mambo matatu: kitu kilichochaguliwa, namna kilivyounganishwa na vingine, na alama yenye tarehe. Mwaloni peke yake hautoshi. Waingereza nao waliuita mwaloni mti wao kwa sababu ya manowari zao.

---

wino_wa_dome

Najibu la mikono.

Sepia halisi ni wino wa dome, mnyama wa baharini wa jamii ya ngisi. Namna ya zamani ilikuwa kukausha kifuko cha wino, kukisaga, kukiyeyusha katika magadi makali, kuchuja, kuitenga rangi kwa asidi hafifu, kuiosha, kisha kuichanganya na gundi ya mgunga. Usifanye hivyo darasani: inanuka, na magadi yale yanaunguza ngozi. Rangi nyingi za maji zinazouzwa leo kwa jina la sepia ni mchanganyiko wa udongo wa kahawia na nyeusi, na kwa zoezi hili zinafaa kabisa.

Karatasi ndiyo inayoamua. Dresden walitumia karatasi laini isiyo na mistari ya ungo, nyingi yake ya Whatman kutoka Uingereza. Leo tafuta karatasi ya rangi za maji yenye uso laini, gramu 300 kwa mita ya mraba, ukubwa wa A4 kwa kuanzia. (Friedrich alithubutu makubwa: sepia yake ya Arkona, iliyopo Vienna, ni karibu sentimita 61 kwa 100. Anga la ukubwa huo kwa wino mmoja, bila doa, ni kazi ya kustaajabisha.) Loweka karatasi dakika tano, ilaze juu ya ubao wa plaiwudi, bana pande nne kwa utepe wa karatasi wenye gundi ya kulowesha, iache ikauke ikiwa imelala. Ukiruka hatua hii karatasi itafanya mabonde na wino utatuama ndani yake.

Andaa vikombe vinne. Cha kwanza weka wino mzito unaotaka kwa sehemu ya giza kabisa. Cha pili, sehemu moja ya wino huo kwa mbili za maji. Cha tatu, moja kwa nne. Cha nne, moja kwa nane. Jaribu vyote kwenye kipande cha karatasi ileile na usubiri vikauke, kwa sababu wino ukikauka hupauka na jicho hudanganyika.

Mistari ya awali ichorwe kwa penseli ya 2H, kwa mkono mwepesi. Weka kwanza usawa wa macho, kisha safu za vilima, kisha vitu vya mbele. Mwezi au jua zungushia sarafu. Nyeupe yote itakuwa karatasi yenyewe, hakuna kupaka rangi nyeupe baadaye.

Anga linatangulia. Inamisha ubao kidogo, kama nyuzi 15. Lowesha kwa maji safi eneo la sentimita tatu hivi kuuzunguka mwezi. Chukua brashi nene iliyojaa kikombe cha nne, anza juu kabisa, vuta mstari toka upande hadi upande, na kila mstari unaofuata uguse tone lililoning'inia chini ya ule uliotangulia. Ukifika kwenye eneo lenye maji acha wino ujisambaze wenyewe. Ule mng'ao laini unaouzunguka mwezi unatoka hapo. Mwishoni kausha brashi kwa kitambaa ufyonze tone la chini.

Kisha subiri. Gusa karatasi kwa mgongo wa kiganja: ikiwa baridi, bado ina maji. Sehemu za pwani zenye unyevu hii inaweza kuchukua zaidi ya nusu saa. Palipo na joto kavu tatizo ni kinyume, wino unakauka kabla hujamaliza mstari na kuacha kingo kali, kwa hiyo fanyeni asubuhi na msiwashe feni.

Vilima vinafuata, cha mbali kwanza. Paka kwa kikombe cha nne, na kabla mng'ao wa maji haujaisha pitisha brashi yenye maji safi kwenye ukingo wa chini ili ufifie. Huo ndio ukungu. Kausha. Safu inayofuata tumia kikombe cha tatu na ufanye vivyo hivyo. Kila safu ianze na ncha kali juu na iishie bila ukingo chini. Mbele ya picha ndiyo ya mwisho, kwa kikombe cha pili na cha kwanza, brashi ndogo namba 2, nukta na mistari mifupi. Jumla utakuwa na matabaka matano hadi manane.

Makosa ninayoyaona mara nyingi zaidi: mtu anarudi kurekebisha anga lililokauka nusu, maji mapya yanausukuma wino wa zamani na kuacha doa lenye kingo kama ua. Halina dawa, liache au anza upya. Kufuta sana kwa raba kunachubua uso wa karatasi, na palipochubuka hunywa wino na kuwa na mabaka. Kuweka giza la mbele mapema kunamfanya mtu aogope vilima vya mbali, na picha nzima inakuwa nzito. Na penseli ikishafunikwa na wino haifutiki tena, ndiyo maana nikasema mkono mwepesi.

Jambo moja la historia, maana linaonekana kwenye kazi zenyewe. Dresden ilikuwa na njia mbili. Adrian Zingg, Mswisi aliyefika 1766, alichora muhtasari kwa kalamu ya wino kisha akajaza kwa brashi, na majani ya miti yake yote yana vitanzi vya namna moja. Crescenz Seydelmann alijenga kila kitu kwa matabaka ya sepia. Friedrich alianza karibu na njia ya Zingg, baadaye akaiacha kalamu. Mwaka 1805 sepia zake mbili zilishinda tuzo Weimar, mashindano yaliyoendeshwa na Goethe na wenzake. Na ni Zingg pamoja na mwenzake Anton Graff, wote Waswisi, wanaotajwa kuwa ndio walioipa ile milima ya Elbe jina la "Uswisi ya Saxony". Wageni ndio walioanza kuifanya sehemu ile ionekane inafaa kuchorwa.

---

mstari_mkavu

Naongeza kitu ambacho kinasahaulika: hata aina ya mstari ilikuwa msimamo.

Vita na Uingereza vilipoanza 1793, Ufaransa ilikatiwa risasi ya penseli (grafiti) iliyochimbwa Borrowdale, Uingereza. Nicolas-Jacques Conté akapata hataza mwaka 1795 ya kusaga risasi, kuichanganya na udongo wa mfinyanzi na kuichoma tanuruni. Joseph Hardtmuth wa Vienna alifanya kazi ya namna hiyo katika miaka hiyohiyo. Udongo ukiwa mwingi, penseli inakuwa ngumu. Hivyo ugumu ukawa kitu cha kupangwa, na mchoraji akaweza kupata ncha inayobaki kali kwa muda mrefu.

Vijana wachoraji walioanzisha Udugu wa Mtakatifu Luka Vienna mwaka 1809, kisha wakahamia Roma 1810, waliuchukua mstari huo na kuupa maana. Waliikataa akademia na michoro yake ya chaki laini, wakamtazama Dürer, mchoraji wa Kijerumani wa miaka ya 1500. Ferdinand Olivier, wa mduara huohuo, alisafiri Salzburg 1815 na 1817 na akatoa picha saba za chapa ya mawe mwaka 1823, moja kwa kila siku ya juma. Ndugu yake Friedrich Olivier alichora mwaka 1817 majani makavu yaliyojikunja, kila mshipa ukiwa na ukingo wake. Mtu wa wakati ule aliyemjua Dürer aliuona mstari ule na kusema: hii ni yetu ya kale. Hakuhitaji bendera ndani ya picha.

Zoezi: jani moja kavu lililojikunja, penseli 4H iliyonolewa kwa msasa, karatasi laini, saa mbili. Kivuli kitengenezwe kwa kuongeza idadi ya mistari sambamba. Wasikandamize. Penseli ngumu ikikandamizwa inachimba mfereji, na ukipaka wino baadaye rangi inajaa humo. Wasisugue kwa kidole kabisa.

---

msomaji_wa_fjord

Kalamu_risasi ameeleza vizuri, lakini naomba uzito upunguzwe kidogo. Picha za Friedrich zimejaa msalaba, nanga na mwezi, yaani imani yake ya Kilutheri, na nyingi hazina siasa yoyote inayoweza kuthibitishwa. Tena wanunuzi wake wakubwa miaka ya 1820 walikuwa Warusi. Mkuu Nikolai, aliyekuja kuwa Tsar Nikolai I, alifika kwenye karakana yake 1820, na mshairi Zhukovsky ndiye aliyesaidia mauzo baada ya hapo. Msisitizo wa "Friedrich mchoraji wa roho ya Kijerumani" ulipata nguvu baada ya maonyesho makubwa ya Berlin ya 1906, na miaka ya 1930 Wanazi waliuchukua kwa manufaa yao. Mwanafunzi lazima ajue ni kipi kilisemwa 1813 na kipi kimebandikwa baadaye.

Na aliyemfufua kabla ya 1906 alikuwa Mnorway, Andreas Aubert, alipokuwa akimtafiti J. C. Dahl. Huyu Dahl ndiye ningemweka pembeni ya Friedrich. Alizaliwa Bergen 1788, akahamia Dresden 1818, na kuanzia 1823 waliishi nyumba moja, An der Elbe 33. Norway ilipata katiba tarehe 17 Mei 1814 na mwaka huohuo ikaingizwa katika muungano na Sweden. Dahl aliendelea kuishi Dresden, akarudi kwao kwa safari za kuchora, ya kwanza 1826, na picha za Norway akazimalizia Ujerumani. Baridi ya Sognefjord ya 1827 ina jiwe la kumbukumbu la kale limesimama peke yake kwenye theluji: nchi changa inaonyeshwa kuwa na mizizi mirefu.

Tofauti ni kwamba kwa Dahl mchoro uliingia kwenye sheria na mbao. Mwaka 1837 alichapisha michoro ya vipimo ya makanisa ya kale ya mbao ya Norway. Kanisa la Vang lilipotakiwa kubomolewa, alimshawishi mfalme wa Prussia alinunue. Likavunjwa kipande kwa kipande, na leo liko Karpacz, Poland. Mwaka 1844 akawa miongoni mwa walioanzisha chama cha kuhifadhi mambo ya kale ya Norway, ambacho kipo hadi sasa.

Kwa wanafunzi wa Tanzania kuna mwendelezo usiohitaji kulazimishwa. Hans Meyer alipofika kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba 1889 alikiita kwa jina la Kaisari Wilhelm, na Kilimanjaro ikaanza kutajwa kama mlima mrefu kuliko yote ya Ujerumani. Desemba 1961 mwenge uliwashwa juu ya kilele hichohicho, kikaitwa Uhuru.

---

mwl_sanaa

Nashukuru sana wakuu. Watzmann na Vang zinaingia kwenye ratiba. Kwa wino_wa_dome: karatasi za gramu 300 zitatosha wanafunzi wachache tu. Wengine wakitumia manila, au A4 ya kawaida? Na rangi ikikosekana?

---

wino_wa_dome

A4 ya gramu 80 haifai kwa wino hata kidogo, itumieni kwa jani la penseli ngumu. Manila inawezekana kwa masharti. Inanyonya haraka, kwa hiyo lile anga la kufifia halitatoka. Fuateni njia ya Zingg: muhtasari kwa kalamu ya wino usioyeyuka kwa maji, kisha viwango viwili tu vya kivuli, kikombe cha nne na cha pili, kila kimoja kipakwe mara moja bila kurudia. Ukubwa usizidi nusu ya A4, na kingo zibanwe kwa utepe kabla ya kuanza. Chagua upande laini wa manila, ule wenye vinyweleo utachubuka.

Rangi ikikosekana, kahawa ya unga ya kuyeyuka: kijiko kimoja cha chai kwa vijiko viwili vya maji ya moto ndiyo kikombe cha kwanza, vingine mnapunguza kama nilivyoeleza. Isiwe nzito kuliko hapo, itabaki inanata na karatasi zitashikana mkizipanga. Kahawa hupauka ikikaa kwenye mwanga, basi pigeni picha kazi zote wiki hiyohiyo kama mnahitaji kumbukumbu za alama.

Zile karatasi chache nzuri zigawanywe vipande vya sentimita 10 kwa 15. Kipande hicho kinatosha mwezi, vilima vitatu na msonobari mmoja mbele.